Belvedere au Schönbrunn: una nusu siku Vienna, uende kasri lipi?

Kila mgeni anayefikia kwangu Vienna huniuliza swali lile lile kabla hata hajafungua begi: twende kasri lipi? Wengi huja kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa au ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kule ng'ambo ya mto Danube, na hubakiwa na nusu siku tu kabla ya ndege. Wengine, kama shangazi yangu wa Tanga, huja kututembelea na wana wiki mbili, ila magoti yao hayana wiki mbili. Nusu siku haitoshi kwa makasri mawili. Nimejaribu kuwapeleka watu kote kuwili kwa siku moja, mara mbili, na mara zote mbili tulirudi tumenyamaza kwenye tramu, kila mtu anauguza miguu yake.

Jibu langu fupi ni hili. Mtu mzima mwenye nusu siku aende Belvedere, jengo la Juu (yako mawili, la Juu na la Chini). Mwenye watoto wadogo na siku nzima aende Schönbrunn. Yanayofuata ni sababu, pamoja na hali ambazo ni sawa kabisa usinisikilize.

Nyumba ya wenyewe na nyumba ya picha

Kwa nje ni rahisi kuyachanganya. Yote mawili ni ya mtindo wa Baroko, ule wa karne ya 17 na 18 ambapo mwenye nyumba alitaka mgeni aishiwe maneno kabla hajafika mlangoni: ngazi pana, dari zilizochorwa mbingu, sanamu kila pembe. Yote mawili yana bustani iliyopimwa kwa kamba. Tofauti iko ndani, na hiyo ndiyo ikuamulie.

Schönbrunn imebaki nyumba. Ukiwahi kuingia kasri la masultani pale Forodhani, Unguja, ukaona viti na vitanda vimepangwa kana kwamba wenyewe wametoka mara moja na watarudi, umeshaielewa Schönbrunn. Vyumba viko 1,441, na vinavyoonyeshwa kwa wageni ni kama 40. Utaona kitanda cha chuma, cha kawaida kabisa, cha Kaizari Franz Joseph, aliyezaliwa humo mwaka 1830, akatawala tangu 1848, na akafia humo humo 1916. Utapita ukumbi wa vioo ambamo Mozart, akiwa na umri wa miaka sita, alimpigia muziki mtawala wa wakati huo, Maria Theresa, mwaka 1762. Utaona chumba cha Kichina ambamo kaizari wa mwisho, Karl, alitia saini tarehe 11 Novemba 1918 kwamba anajitoa katika kuendesha serikali, na huo ukawa mwisho wa enzi ya ukoo wa Habsburg. Na ukilipia mzunguko mrefu utafika kwenye kile wanachokiita Chumba cha Milioni: kuta za mbao za thamani, na ndani ya fremu za dhahabu kumebandikwa picha ndogo ndogo za India na Uajemi. Picha hizo zilikatwakatwa na kuunganishwa upya ili zienee kwenye fremu. Mimi kila nikiziona nahisi kama nimeona mtu amekata msahafu wa zamani apate pambo la ukutani, lakini chumba kinapendeza, siwezi kubisha.

Belvedere ina habari nyingine. Aliyeijenga, Eugene wa Savoy, hakuwa kaizari. Alizaliwa Paris mwaka 1663, akaomba cheo katika jeshi la Ufaransa, Mfalme Louis XIV akamkatalia. Akahamia kwa Wahabsburg, na huko akawa jemadari aliyewashinda Waosmani, yaani Waturuki, kwenye vita vya Zenta mwaka 1697 na Belgrade mwaka 1717. Utajiri ulipomfikia alimwita msanifu Johann Lukas von Hildebrandt amjengee nyumba ya kiangazi kwenye mteremko nje ya kuta za mji. Jengo la Chini, la kuishi, lilianza 1714. La Juu, la kupokelea wageni na kujionyesha, lilifuata na kukamilika mwaka 1723. Eugene hakuoa wala hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1736 mali ilikwenda kwa binti wa kaka yake, akaiuza, na mwaka 1752 Maria Theresa akalinunua kasri.

Hapo ndipo njia za nyumba hizi mbili zinapoachana. Schönbrunn iliendelea kukaliwa na ukoo. Belvedere ilipewa picha. Mwaka 1781 mkusanyiko wa picha wa makaizari ulifunguliwa humo kwa watu wote, ikawa moja ya makumbusho ya umma ya mwanzo Ulaya. Picha hizo zilihamishwa mwaka 1891, na baadaye akakaa humo Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha kaizari, yule aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914. Lakini picha zilirudi, nyingine sasa, na leo ukiingia hukuti kitanda cha mtu. Samani zimeondoka, kuta zimechukuliwa na wachoraji.

Mfano mmoja utakuonyesha ninachosema. Napoleon aliiteka Vienna mara mbili, 1805 na 1809, na mara zote alikaa Schönbrunn. Huko utaoneshwa chumba kinachoitwa kwa jina lake, na ndimo mwanawe alimofia mwaka 1832 akiwa na miaka 21. Belvedere nako yumo Napoleon, ila yuko juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, akivuka milima ya Alps, kwenye moja ya matoleo matano ya picha ile ya Jacques-Louis David. Ukitaka kusimama mahali alipolala mtu, nenda Schönbrunn. Ukitaka kuona alivyotaka aonekane, nenda Belvedere. Mimi ni wa kundi la pili, ndiyo maana ushauri wangu umeegemea huko. Mke wangu ni wa kundi la kwanza, na hatujawahi kukubaliana.

Busu, na shangazi

Tuseme ukweli: asilimia kubwa ya watu wanaokwenda Belvedere wanafuata picha moja. Ni "Busu" la mchoraji wa Vienna, Gustav Klimt, alilolichora mwaka 1907 na 1908. Picha ni mraba, sentimita 180 kwa 180, kubwa kuliko unavyodhania ukiiona kwenye kikombe au mwavuli, na dhahabu yake ni dhahabu kweli, karatasi nyembamba zilizobandikwa juu ya turubai. Serikali iliinunua mwaka ule ule wa 1908, na haijatoka mikononi mwake. Kwenye simu dhahabu ile hugeuka njano tu. Ukisimama mbele yake, ukisogea hatua moja kushoto inawaka, ukisogea kulia inazimika.

Nilimpeleka shangazi asubuhi mapema, kabla makundi ya mabasi hayajafika. Akasimama muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, hawa wamejifunika doti." Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la babake. Nikamuuliza doti gani. "Angalia mwenyewe. Kipande cha mwanamume kina vibao vibao, cheusi na cheupe. Cha mwanamke kina mviringo na maua. Vipande viwili, mshono mmoja." Nimesoma maelezo mengi kuhusu picha ile, yenye mistatili ya kiume na duara za kike, lakini hakuna lililonikaa kama lile. Kisha akaongeza kwamba maneno ya khanga hayaonekani, bila shaka yako upande wa nyuma.

Usiondoke baada ya Busu. Belvedere ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa picha za mafuta za Klimt, na Judith wake wa mwaka 1901 yumo humo. Egon Schiele, mchoraji mwingine wa enzi hiyo, ana vyumba vyake pia. "Familia" aliichora mwaka 1918, na mwaka huo huo homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani ikamchukua mkewe, mjamzito, na siku tatu baadaye yeye mwenyewe. Na wapo wale vichwa wa Franz Xaver Messerschmidt, mchongaji wa karne ya 18 aliyechonga nyuso zilizokunjamana, zilizonuna, zilizopiga miayo. Watoto wanaochoka na picha hufufuka hapo na kuanza kuzigeza. Walinzi wamezoea.

Kuna pengo pia unalopaswa kulijua. Picha ya dhahabu ya Adele Bloch-Bauer, nayo kazi ya Klimt, ambayo watu wengine huja kuitafuta, haipo. Ilikaa Belvedere miaka mingi, lakini ilikuwa mali ya familia ya Kiyahudi iliyoporwa wakati wa Wanazi. Mwaka 2006, baada ya kesi ndefu, ilirudishwa pamoja na nyingine nne kwa Maria Altmann, mpwa wa Adele, na sasa iko New York. Msomaji wa Kenya anayefuatilia habari ya Ngadji, ngoma ya Wapokomo iliyochukuliwa enzi za ukoloni na sasa iko London, atakuwa na maswali yake mbele ya ukuta ule. Mimi ninayo.

Ndani ya jengo hilo hilo la Juu, ukumbi wa marumaru wa ghorofa ya kwanza una historia ya karibu zaidi. Tarehe 15 Mei 1955 ndimo ulimotiwa saini mkataba uliowaondoa wanajeshi wa nchi nne zilizoshinda Vita vya Pili vya Dunia na kuirudishia Austria uhuru wake, na Waziri wa Mambo ya Nje Leopold Figl akauinua mkataba kwenye roshani ili umati bustanini uuone. Simama dirishani hapo uangalie chini. Bustani yote, na mnara wa kanisa la Mtakatifu Stefano kwa mbali, viko kwenye mstari mmoja. Mandhari hiyo mchoraji Bernardo Bellotto aliichora karne ya 18, na watu wa Vienna huitetea mpaka leo: mpango wa kujenga ghorofa refu karibu na hapo ulichangia kuifanya UNESCO iuweke mji mkongwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2017.

Bustani

Kwa bustani, Schönbrunn inashinda kwa ukubwa, na wala haihitaji mjadala. Ni zaidi ya hekta 150. Ina njia za miti iliyonyolewa kama ukuta, chemchemi ya Neptune, magofu ya Kirumi yaliyojengwa yakiwa magofu tayari, nyumba ya vioo ya minazi na mitende ya mwaka 1882, na juu kilimani Gloriette, jengo la matao na nguzo la mwaka 1775, ambako utapata kahawa na kuiona Vienna yote. Humo pia mna bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1752, kongwe kuliko zote zilizopo duniani. Mwaka 1828 Muhammad Ali wa Misri alimtumia kaizari zawadi ya twiga, na mji mzima ukapagawa: nguo, mitindo ya nywele, keki, vyote vikaitwa twiga. Mnyama mwenyewe hakumaliza hata mwaka. Nawasimulia wageni habari hii kwa sababu wengi wao huona ni ujinga kutoka Arusha kuja kumtazama twiga Ulaya, nami nakubaliana nao, ila watoto waliozaliwa huku hawajali hoja hiyo.

Bustani ya Belvedere ni ndogo, lakini ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Dominique Girard alifunzwa Versailles, na hapa alipewa mteremko mrefu mwembamba kati ya majengo mawili. Akaukata ngazi tatu, akateremsha maji katikati, akaweka sfinksi, sanamu zenye mwili wa simba na nyuso za wanawake, kwenye matuta. Ina siri moja ya kuitembelea: anzia juu. Ingia kwa lango la juu, upande wa bwawa, ambako kasri hujiona majini asubuhi isipokuwa na upepo. Maliza picha za ndani, kisha teremka kwa miguu mpaka jengo la Chini. Ukifanya kinyume utapanda mlima juani, maana katikati hakuna kivuli cha maana. Shangazi alishuka taratibu kwa kama dakika ishirini, akikaa kila penye benchi. Schönbrunn, wiki iliyofuata, tulimpandisha kwenye kile kitreni cha watalii kinachozunguka bustani msimu wa joto, na bado alisema kule ni safari, Belvedere ndiyo matembezi.

Bustani zote mbili kuingia ni bure. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu kuna watu wanalipia tiketi wakidhani bila hiyo hawatavuka lango. Ukiwa huna hela ya kuchezea, unaweza kuziona zote mbili kutoka nje bila kutoa senti, na utakuwa umeona nusu ya uzuri wake.

Juu au Chini?

Ukiamua Belvedere, dirisha la tiketi litakuuliza swali la pili: Oberes, yaani Juu, au Unteres, yaani Chini, au yote? Tiketi ya pamoja inavutia, lakini kwa mgeni wa mara ya kwanza nasema chukua Juu peke yake. Klimt, Schiele, Messerschmidt, ukumbi wa mkataba, vyote viko Juu. Usisahau kutazama wale majitu wanne wa mawe wanaobeba dari sehemu ya chini ya jengo: waliwekwa miaka kumi hivi baada ya jengo kwisha kwa sababu dari lilikuwa linatishia kuanguka. Ni nguzo za dharura zilizovishwa miili.

Jengo la Chini lina vyumba vya mwenyewe Eugene, kikiwemo kile cha dhahabu na vioo ambacho ukiingia unajiona mara hamsini, na maonyesho yanayobadilika. Kama maonyesho ya wakati huo yanakuvutia, lipia. La sivyo lipite kwa nje, ukakae kwenye nyasi.

Hela, tiketi na njia

Kwa familia, tofauti ya hela ni kubwa kuliko watu wanavyotegemea. Belvedere ni makumbusho ya taifa, na walio chini ya miaka 19 huingia bure. Schönbrunn watoto wa shule hulipa, ingawa kwa bei ndogo, na bustani ya wanyama ina tiketi yake mbali. Baba mwenye watoto wanne wa sekondari atalipia Belvedere yeye na mkewe tu. Watoto wa sekondari, kwa bahati, ndio umri ambao picha zinaanza kuwasemesha.

Kote kuwili tiketi huuzwa kwa saa maalum, kwa hiyo nunua mapema kwenye tovuti ya kasri lenyewe. Nasisitiza lenyewe. Mwaka wa kwanza niliingia tovuti ya madalali iliyofanana na halisi, nikalipa karibu mara mbili, na tiketi ikanipa saa ambayo mgeni wangu alishakuwa hewani kuelekea Addis Ababa. Ukichagua Schönbrunn chukua saa ya kwanza ya asubuhi au ya mwisho jioni. Katikati ya siku foleni hutembea ndani ya vyumba kama foleni ya mkate: huwezi kurudi nyuma, huwezi kusimama, na sauti ya mwongozo sikioni iko chumba kimoja nyuma yako. Belvedere nayo hujaa, lakini watu hurundikana mbele ya Busu, na chumba cha tatu kutoka hapo unaweza kubaki peke yako na picha ya Mfaransa Monet.

Msimu pia una neno lake. Kuanzia Novemba mpaka Machi maua hayapo na chemchemi zimefungwa, kwa hiyo Schönbrunn hupoteza sehemu kubwa ya kilichokupeleka, wakati Belvedere haipotezi kitu kwa kuwa utajiri wake uko ndani penye joto. Mei na Juni ningelegeza msimamo wangu. Siku ya jua la Mei, mtu asiyejali picha hata kidogo akiniambia anataka Schönbrunn, nitampeleka mwenyewe.

Kufika si tatizo. Schönbrunn ina kituo chake kwenye treni ya chini ya ardhi, mstari wa U4. Belvedere, panda tramu D ushuke Schloss Belvedere, kasri liko hapo hapo. Lakini kwa mwenye ndege jioni kuna njia bora zaidi, na ndiyo iliyoniamulia mambo tangu nianze kupokea wageni. Asubuhi toka hotelini na mizigo yote, nenda stesheni kuu, Hauptbahnhof, uifungie kwenye makabati ya kulipia. Kutoka hapo mpaka lango la juu la Belvedere ni mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu. Tazama picha kwa muda wa saa mbili, shuka bustani, rudi upande ule ule, chukua begi, na treni ya uwanja wa ndege inaondoka stesheni hiyo hiyo na kufika kwa robo saa hivi. Nunua maji dukani stesheni kabla hujatoka, au jaza chupa bombani. Maji ya bomba ya Vienna yanatoka milimani na yananyweka.